Mbio za Melkizedek wa Digodigo

Ukiingia Digodigo wakati wa kiangazi, ukitokea huku juu Loliondo ambako vumbi limekukausha mpaka koo, utasikia maji kabla hujaona nyumba. Yanapita kwenye mifereji kati ya viazi vitamu na mtama, yanaongea peke yake kama mtu anayetembea akihesabu mambo yake. Na miaka ile, ukiuliza nani anayatunza, wote wangekuambia Melkizedek.

Nilimfahamu nilipoanza kuzunguka vijiji vya Sale nikiziba sufuria na taa za mafuta, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mtu mrefu, mkavu, suruali siku zote imekunjwa mpaka magotini, na miguu imekuwa myeupe kwa tope lililokaukia. Maji ya kwao yana wazee wake, wale waliorithi kazi ya kugawa zamu, na hao ndio wenye kauli. Melkizedek hakuwa na kauli, alikuwa na jembe. Wazee wakisema leo maji yaende kwa fulani, yeye anapanda mlimani mpaka banioni, pale wanapoyazuia kwa mbao na majani na udongo, anayafungua, kisha anateremka nayo. Anatembea sambamba na maji yanapotangulia, anatoa jani hapa, anapiga udongo kwa kisigino pale, mpaka anayakabidhi shambani kwa mwenye zamu.

"Umeyaleta yote?" mwenye shamba anauliza.

"Mengine nimekunywa," anajibu.

Kilichomfanya ajulikane zaidi ni kuzibua. Mifereji midogo ile inayotoka ubavuni mwa mfereji mkubwa hujaa tope. Wengine wanainama kutwa wanalichimbua kwa mikono, na kesho limerudi. Melkizedek alikuwa na njia yake. Anafunga matoleo yote, ile milango ya kutolea maji, anayaacha maji yajikusanye kule juu nyuma ya mbao mpaka yanakaribia kumwagika, halafu anang'oa mbao kwa mkupuo. Yanashuka yakinguruma, yanaingia kwenye ule mfereji mdogo ulioziba na kulitupa tope lote nje mwisho wa shamba. Watoto walikuwa wanaacha michezo kwenda kutazama.

"Ukilichokonoa linakaa," alikuwa ananiambia. "Unatakiwa ulisukume."

Rafiki yake mkubwa hakuwa Mbatemi mwenzake, wa kabila la pale Digodigo. Alikuwa Mmasai wa upande wa Malambo, jina lake Tobiko, aliyekuwa anakuja na mbuzi kubadilisha na viazi na mtama. Watu hawa wawili babu zao walipigana mishale, na wao walirithi matusi tu.

"Nyie mnakunywa maji ya kupimiwa kama dawa," Tobiko anasema.

"Na nyie mnakunywa alipokojoa ng'ombe."

"Ng'ombe wangu ana mkojo msafi kuliko miguu yako."

Basi wanakaa hapo kwenye kivuli cha ghala mpaka Benedicta, mkewe Melkizedek, awaletee uji.

Mwaka elfu mbili na sita nilipofika, nilimkuta Benedicta ana uso ambao sikuuzoea. Aliniambia mume wake siku hizi akipanda kwenda banioni anachelewa kurudi. Alimtuma mtu amfuatilie, akamkuta amekaa kwenye jiwe katikati ya mlima, mkono kifuani, anatazama chini. Alipoulizwa alisema amechoka. Melkizedek, achoke. Yule mtu alirudi mbio akidhani amerogwa.

Binti yao Winnie ameolewa Karatu na kijana wa Kilimanjaro, Noel, dereva wa watalii. Benedicta alituma neno kwa lori la parokia, na Noel akaja na gari kumchukua mkwewe. Karatu walimpima, Arusha wakampima tena, wakasema mshipa wa moyo umeziba na utaalamu wa kuuzibua upo Nairobi. Ilibidi ukoo uuze mbuzi, kanisa lichange, na matajiri wa Noel, wenye magari, waongeze. Ndivyo mtu wa mfereji wa Digodigo alivyopelekwa Nairobi kuzibuliwa moyo, na mimi niliposikia hivyo nilicheka, nikadhani ni utani wa Tobiko.

Habari za Nairobi nilisimuliwa na Noel, na nyingine na Melkizedek mwenyewe, kwa nyakati tofauti. Zinalingana.

Hawakumpasua kifua. Walimchoma paja, wakapitisha uzi wa chuma ndani ya mshipa mpaka moyoni, yeye yupo macho, anatazama kila kitu kwenye televisheni iliyoning'inia pembeni. "Niliuona moyo wangu," aliniambia. "Unaruka kama chura ndani ya mfuko." Walipofika palipoziba walipuliza kijiputo kidogo kupanua, wakaacha hapo kijibomba cha wavu wa waya kushikilia kuta zisirudiane. Akasikia kifua kimekaa vizuri. Akawaambia ahsante, akarudishwa kitandani, na Noel akatoka nje kumpigia Winnie simu kwamba imekwisha, Baba amepona.

Jua lilikuwa halijazama Melkizedek alipoanza kusema kifua kinamkaba. Noel alidhani ni uchovu. Mara manesi wakajaa, wakambandika nyaya, wakamtoa damu, wakamkimbiza tena kwenye kile chumba. Baadaye wakamrudisha kitandani. Asubuhi yake akaja daktari aliyemtibu, mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili cha kwao Kenya.

"Mzee, wewe hufanya kazi gani huko nyumbani?"

"Mimi ni mtu wa mfereji, mama."

"Mfereji gani?"

"Wa maji. Natunza maji ya kumwagilia."

Noel anasema yule daktari alifurahi kabisa, kama mtu aliyeokota ufunguo. Alichukua gazeti la Noel, akachora pembeni kwa kalamu.

"Basi wewe utanielewa haraka. Hii ni mfereji kubwa ya moyo wako. Ilikuwa imeziba hapa. Tumepanua, tumeweka waya, maji inapita sawasawa. Lakini sasa, hapa kando kuna kamfereji kadogo. Wakati tunapanua, tope kidogo ilisukumwa na ikaingia kwa hako kadogo. Kale kashamba kalikokuwa kananyweshwa na hako kamfereji kamekosa maji jana. Kameungua. Umeskia, mzee?"

Melkizedek alitikisa kichwa kwamba amesikia. Aliyepigwa na butwaa ni Noel. Aliniambia alihisi kama kiti kimevutwa chini yake.

"Daktari, subiri," alisema. "Alipokuja hapa, hicho kishamba kilikuwa kizima?"

"Kilikuwa kizima."

"Kwa hiyo kimeungua wakati mnamtibu."

"Ndiyo. Hutokea kwa wengine, na niliwaambia kabla hatujaanza. Jana tulijaribu kukafungua, ni kadogo sana, waya haiingii. Damu imeonyesha nyama ya moyo imeumia. Si sehemu kubwa. Lakini imeumia."

Tangu Karatu Noel aliwaza mambo mawili tu, kwamba mzee atakufa mezani, au atapona. Hili la tatu, kwamba mshipa utafunguka vizuri na moyo wenyewe utaumizwa na huko kufunguliwa, hakuwa amelipangia nafasi kichwani.

Melkizedek aliuliza swali moja.

"Hilo tope bado lipo humo?"

"Lipo, mzee, lakini wewe usijali nalo. Wewe pumzika. Usipande mlima, usilime, usibebe mzigo, tembea pole pole hapo nje ya nyumba tu mpaka nikuone tena. Na dawa usiache hata siku moja, hizo ndizo zinazuia waya isizibe."

Hayo yote aliyasikia, na dawa hakuacha. Ila neno moja lilimkwama. Alilirudia kwa Noel kwenye gari njia nzima ya Namanga.

"Amesema nisijali tope."

"Ndiyo, Baba. Usijali."

"Mtu wa mfereji anaambiwa asijali tope."

Karatu alikaa kwa Winnie apumzike. Walimlea kama yai. Majirani walikuja na ndizi na sala, na kila aliyekuja aliambiwa asiongee sana. Nyumba ile bomba lake lilikuwa linatoa maji siku moja, siku mbili halitoi, na Melkizedek alikuwa anakaa kwenye ngazi analitazama kama mtu anayetazama mgonjwa mwenzake. Winnie akipita na ndoo, yeye anataka kuipokea. Winnie anamnyang'anya.

Siku moja akamuuliza Noel, wakiwa wanaosha gari, yaani Noel anaosha na yeye amekaa.

"Mkwe, damu inakwenda kwa nguvu wakati gani?"

"Damu?"

"Ndani ya mishipa. Wakati gani inasukuma kwa nguvu zaidi?"

"Ukikimbia, Baba. Si unasikia moyo unavyogonga? Ukikimbia kupanda mlima hasa, inakuwa kama pampu." Akacheka, akamrushia maji kidogo miguuni. "Lakini wewe mbio zako zimekwisha, unasikia? Wewe sasa ni mtalii."

Melkizedek naye akacheka. Noel alipokuja kunisimulia maneno hayo baadaye, alikuwa ameshika usukani wa gari lililozimwa, na hakuachia mpaka alipomaliza.

Hakutaka kumaliza mapumziko Karatu. Wakati wa kusafisha mifereji ulikuwa unakaribia na yeye yuko mjini anakula ndizi. Alisumbua mpaka Noel akakubali kumrudisha. Walipanda kupita geti la Ngorongoro, na pale juu ukingoni ambapo magari ya watalii husimama, mzee akaomba kushuka kukojoa. Noel akamsubiri, haonekani. Akashuka kumtafuta, akamkuta amesimama peke yake, anatazama ule mteremko unaoshuka mpaka ndani ya kreta, njia ambayo Wamasai walikuwa wanashusha ng'ombe kulamba chumvi na kupanda nao tena.

"Baba, twende, upepo huu si mzuri."

"Wanapanda hapa na ng'ombe kila siku?"

"Wanapanda."

"Mioyo yao lazima ni misafi," akasema, akarudi kwenye gari.

Noel hakuelewa. Alidhani ni sifa tu.

Nilipofika Digodigo mara hiyo nilimkuta amekaa mbele ya nyumba kwenye kigoda, amevaa viatu. Sikuwahi kumwona na viatu. Benedicta alikuwa amelipeleka jembe lake kwa jirani na kumkataza jirani asilitoe. Vidonge vyake alikuwa anavihifadhi kwenye kopo la majani ya chai na kumpa mwenyewe mkononi kila asubuhi, akisubiri ameze.

Tobiko alikuwepo.

"Sasa una waya kifuani," akamwambia. "Ukifa tutakufungia kwenye zizi, simba hapiti."

"Nikifa utakosa wa kumtukana."

"Nitakuja kaburini."

"Kaburini njoo na mbuzi."

Tulicheka. Alionekana mzima. Aliniambia mambo ya Nairobi, chura kwenye mfuko na gazeti lililochorwa, na alipofika kwenye kile kishamba kilichoungua alikitaja haraka haraka, kama mtu anayetaja deni ambalo ameshapata njia ya kulilipa. Nilishtuka. Nilimuuliza: yaani walikuumiza? Akasema hapana, walizibua vizuri, ila hawakumaliza kazi. Wale si watu wa maji, akasema. Mkubwa wameufungua na mdogo wameuacha na tope lake. Benedicta alimwambia anyamaze, anywe uji.

Alikuwa na ruhusa ya kitu kimoja, kujinyoosha asubuhi. Benedicta alimruhusu kwenda mpaka toleo la kwanza la mfereji, ardhi tambarare, na kurudi. Alikuwa anarudi na jasho. Benedicta alidhani ni dawa.

Siku ile niliondoka mapema kwenda kwenye nyumba za juu, na Tobiko alikuwa anashuka na mbuzi wake, tukakutana kwenye njia ya banioni palipo na mawe. Tumesimama kusalimiana, tukasikia miguu. Mtu anapanda mbio kutoka chini. Tobiko akasema labda kuna moto, au kuna aliyezaa. Tukatazama kwenye kona.

Alikuwa Melkizedek. Hana viatu, suruali imekunjwa, shati mkononi. Anakimbia kwa uzito, magoti juu, kama watu wanavyokimbia kwenye tope. Sikuamini macho yangu. Nakwambia kweli, kwanza nilitazama nyuma yake nione kinachomfukuza.

"Rafiki," Tobiko akasema, "nani anakufukuza?"

Alisimama kwetu, akashika jiwe. Alikuwa anacheka lakini hewa haikutosha kucheka.

"Msimwambie Mama Winnie."

"Daktari si alikukataza?"

"Daktari hajui tope." Akavuta pumzi. "Kamfereji kadogo kameziba. Sasa unafanyaje? Unayakusanya maji, unayaachia. Moyo ukigonga kwa nguvu damu inasukuma. Juzi nilifika kwenye ule mwamba, nikasikia kitu kinasogea. Leo nafika banioni. Leo linatoka."

Mimi na elimu yangu ya darasa la nne nilikaa nayatafakari maneno yale. Tobiko hakutafakari. Alimshika mkono.

"Kaa chini."

"Niache, nikisimama njiani linaganda."

"Nimesema kaa chini. Mimi nimeona ng'ombe waliokimbizwa wakiwa wagonjwa. Kaa."

Melkizedek akavutana naye kidogo, halafu akaacha. Uso wake uligeuka rangi ya jivu mbele yetu, jasho likamtoka kama amemwagiwa maji. Akakaa kwenye njia taratibu, akaweka viganja vyote viwili kifuani. Na kilichonishinda kabisa, kinachonishinda mpaka leo, ni kwamba alikuwa na furaha.

"Linatoka," alisema. "Nalisikia linatoka."

Akaanguka ubavu.

Tobiko alivua shuka lake, tukalifunga kwenye fimbo zake mbili na mti tuliovunja, ikawa machela. Mbuzi walitawanyika mashambani na hakuna aliyewafukuza. Watu waliokuwa wanapalilia waliacha majembe, wakapokezana kubeba. Tulipofika kwenye nyumba Benedicta alikuwa anachambua maharage. Alitazama lile shuka, akamtazama Tobiko aliyekuwa karibu uchi, akasema, "Huyo si wa kwangu. Wa kwangu yuko kwenye toleo." Akarudia kuchambua. Ilibidi mwanamke mwenzake amnyang'anye ungo.

Lori la parokia lilimpeleka hospitali ya Wasso. Njia ile unaijua, mawe matupu. Benedicta alimpakata kichwa, na kila gari likiruka alisema, "Pole, Baba Winnie," kana kwamba ni yeye anayechimba mashimo.

Hakufa. Hospitali walimwekea hewa ya mtungi, wakampa dawa za kukojoa maji yaliyojaa mapafuni, wakakaa naye. Noel na Winnie walifika kutoka Karatu. Daktari wa zamu alikuwa kijana wa Kimasai, Lembris, mtaratibu sana. Alipiga simu Nairobi, akampata yule mama. Lembris alituambia kwamba alimweleza kilichotokea. Halafu akasikia, "Mimi ndiye nilimchorea mfereji."

Mgonjwa alipopata nguvu ya kuketi, Lembris alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Tulikuwepo sote, hata Tobiko, ambaye manesi walikuwa wamemwambia atoke na akajifanya hajui Kiswahili.

"Mzee," Lembris akaanza, "moyo wako ni kama..."

Melkizedek akainua mkono. Mkono wenyewe ulikuwa na sindano ya dripu.

"Kijana, usinifananishie. Nimeshafananishiwa, ndiyo maana niko hapa. Niambie moyo."

Lembris akasema, polepole, bila kupamba.

"Moyo ni nyama. Nyama inaishi kwa damu. Kule Nairobi kipande kidogo kilikosa damu, kikafa siku ileile. Kabla hujalala kilikuwa kimekufa. Nyama ya moyo ikifa hairudi, hata damu ikija baadaye. Pale palikuwa pamebaki kama kidonda kibichi, pakitaka wiki nyingi pakauke, pawe kovu. Wewe umekimbia na kidonda kibichi. Kimetanuka, kimekuwa chembamba, na nyama ya pembeni nayo imeumia. Sasa moyo wako unasukuma kama nusu ya ulivyokuwa."

"Na ule mshipa mkubwa?"

"Uko wazi. Vizuri kabisa."

"Na nilichosikia kinatoka?"

"Hakuna kilichotoka, Mzee. Hayo yalikuwa maumivu ya moyo."

Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua. Benedicta ndiye aliyeuliza, "Sasa kukimbia alikutoa wapi?" Noel akainuka, akatoka nje. Alikuwa huko uani mpaka Winnie alipomfuata.

"Kwa hiyo nilikuwa nauua mwenyewe," Melkizedek akasema.

"Ulikuwa hujui," Lembris akamjibu.

"Nilikuwa najua. Ndiyo shida. Nilikuwa najua kabisa."

Walimrudisha Digodigo baada ya muda mrefu. Miguu ilikuwa inavimba jioni, na akilala bapa anakosa hewa, kwa hiyo Benedicta alimtengenezea mgongo wa magunia ya mtama. Hakwenda banioni tena. Kazi yake alipewa mtoto wa kaka yake. Watu walikuja kumwona, na kila mmoja alikuja na mfano wake. Mmoja alisema moyo ni kama pampu ya kisima. Katekista alisema ni kama nyumba yenye chumba kilichofungwa. Alikuwa anawasikiliza, halafu anasema maneno yaleyale: nyama imekufa kipande, imebaki nusu, sipandi mlima. Hakuongeza.

Tobiko alijaribu mara moja.

"Kwa hiyo, rafiki, ni kama yule fahali wangu aliye..."

"Siyo kama fahali."

"Basi kama..."

"Siyo kama kitu. Ni moyo wangu."

Tobiko, ambaye sikuwahi kumwona akikosa tusi, alikosa. Alikaa naye mpaka mbuzi wakaanza kulia, akaondoka bila kuaga. Lakini alikuwa anarudi. Alileta maziwa, Benedicta anayatoa mafuta kama alivyoelekezwa, na wanaume wawili wanakunywa yale maji meupe yaliyobaki.

Niliendelea na safari zangu. Nilikuwa Buger, halafu Kansay, mvua zikanifungia huko. Niliporudi Digodigo mwaka uliofuata nilimkuta Benedicta peke yake kwenye kigoda kile. Alinikaribisha, akanipa sufuria ya kuziba, tukaongea mambo ya mvua. Mimi sikuuliza, ilikuwa inaonekana.

Akaniambia mwenyewe, huku anashikilia sufuria nisigongee vidole.

"Alikufa amekaa. Dawa zake alikuwa amekunywa. Alikunywa kila siku, mzee wangu, hakuna siku aliyoruka."

"Najua, mama."

"Ule mshipa waliouzibua, Lembris alisema mpaka mwisho ulikuwa wazi. Damu inapita. Na mwenyewe amekufa." Nikagonga msumari, akaendelea. "Wewe unazunguka sana. Umewahi kusikia mahali popote, mtu anapona na huko kupona ndiko kunakomuumiza, halafu anajaribu kujisaidia kwa kitu anachokijua kuliko watu wote, na hicho ndicho kinammaliza?"

Nimepita vijiji vingi, nimekaa kwenye misiba ya watu wengi.

"Sijawahi, mama," nikasema.

"Na mimi sijawahi," akasema. Akaigeuza sufuria, akaimiminia maji tuone kama inavuja.